Mshono Usio na Uzi

Sura ya Tisa

Hasira za Inspekta Raheli Ndahani zilikuwa za aina mbili. Za kwanza zilipanda na kushuka kama maziwa jikoni, na kila askari wa kituo kile alishawahi kumwagikiwa nazo akapona. Za pili hazikuwa na kelele. Asubuhi ile ya Ijumaa, alipovuta kiti na kuketi mbele ya Lydia katika chumba cha mahojiano, alikuja na hizo za pili, na askari wa zamu aliyemletea chai aliiweka mezani akaondoka bila kugeuka nyuma.

Lydia alikuwa mkemia wa maabara moja ndogo kule Chimwaga. Ni yeye aliyetengeneza ile gundi ya kufunga majeraha iliyokuwa ikijaribiwa katika Hospitali ya Mawe Mawili, na ni kwa ajili ya gundi hiyo alikuwa amelala mahabusu tangu Lea afe. Lea alikuwa mama lishe wa Buigiri. Aligongwa na pikipiki, ini likachanika. Daktari Ernest alilipaka ini gundi ya Lydia, damu ikasimama, akamfunga tumbo na kwenda kunawa mikono. Kabla hakujapambazuka gundi ikaachia. Lea akavuja damu ndani kwa ndani mpaka akaisha, na mumewe yuko barazani amejifunika kanga yake.

"Wameniambia Jumatatu napelekwa mahakamani," Lydia alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Kuua bila kukusudia. Afande, mimi hata kuku huwa nachinjiwa."

"Jumatatu haijafika. Majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali yamekuja." Raheli aliisukuma ile chai upande wa Lydia. "Yale mabomba ya sindano yaliyobaki kwenye friji la hospitali yamepimwa. Nusu ni gundi yako. Nusu ni maji ya dripu."

Lydia alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehamishwa.

"Maji ya dripu? Sisi hatutumii maji ya chumvi hata tone. Chumvi inaiharibu."

"Ndiyo maana nimekuja. Kuna mtu alifyonza nusu, akajazia maji ili bomba lionekane limejaa. Na daktari wako jana ananiambia, macho makavu, kwamba siku ile aliiona nyepesi kama chai ya rangi. Nikamuuliza, ukafanya nini? Anasema, niliitumia, nilidhani wamebadilisha utengenezaji."

"Aliona, akaitumia?"

"Aliona, akaitumia, halafu akaandika kwamba gundi yako ni mbovu." Raheli alikunja ngumi chini ya meza. Jana nusura amshike daktari koti. "Huyo zamu yake itafika. Sasa nieleze upya hii gundi ni kitu gani, na usinieleze kama uko darasani."

Lydia alikunywa chai funda moja. Alipoanza kuisema kazi yake, mgongo ulinyooka wenyewe.

"Unamjua kome? Yule mdudu wa baharini mwenye magamba mawili. Gundi zote tunazozijua zikikuta maji zinakataa kushika. Kome anashika mwamba ndani ya maji hayohayo, wimbi linampiga mchana kutwa na haachii. Sisi tulichukua ile namna yake ya kushika, tukaipandikiza kwenye gelatini ya ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo inanata penye damu, penye majimaji, mahali ambapo uzi ungechana nyama. Na inanyumbuka pamoja na nyama, haikauki ikawa ngumu. Kidonda kikipona, mwili unaila gundi yote. Hakuna uzi wa kutoa. Hata kovu ni la kutafuta."

"Mwili unaila kwa muda gani?"

"Kwenye ini, wiki kadhaa. Kwenye ngozi nyembamba ni upesi zaidi."

"Kwa hiyo popote ilipokwenda hiyo nusu iliyoibwa, inajifuta yenyewe."

Lydia alirudisha kikombe mezani. Hilo hakuwa amelifikiria, na uso wake ulionyesha.

"Nikikutana nayo kabla haijajifuta, nitaijuaje?" Raheli aliuliza.

"Kwa kutu. Ikigusana na chuma chenye kutu, inageuka rangi. Zambarau iliyoiva, karibu nyeusi. Ndiyo maana tuliwaambia kule hospitali watumie vyombo vya chuma kisichoshika kutu, la sivyo mgonjwa ataondoka na mstari mweusi tumboni."

"Dodoma nzima ni udongo mwekundu. Wakili yeyote atasema ni uchafu."

"Uchafu unafutika. Ile rangi inaingia ndani ya gundi yenyewe, hata ukisugua kwa sabuni haitoki."

Raheli alisimama. Alikuwa na jibu moja na maswali kumi, na lililomkera zaidi ya yote lilikuwa jepesi kabisa: ni nani katika mkoa huu anayetaka gundi ya ini, na anaipaka nini?

Simu ililia akiwa bado koridoni. Alikuwa Sila, mdogo wake, mtoto wa kiume pekee wa mama yao, muuguzi wa chumba cha upasuaji pale pale Mawe Mawili. Tangu kesi ianze Sila ndiye aliyekuwa jicho lake ndani ya hospitali.

"Dada, shikamoo. Halfani leo kaomba ruhusa."

"Marahaba. Halfani yupi?"

"Dereva wa maabara, anayeleta lile boksi la barafu. Kaenda Chemba, mnadani. Siku ya mnada humkosi huko. Jiulize dada, dereva wa maabara ana ng'ombe gani wa kuuza? Mimi namhofia yule mtu. Mkimwacha leo, mtamsikia yuko Manyara."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Nilikuwa sina hakika. Sikutaka kumchafulia mtu jina."

Maneno mazuri. Raheli alikata simu na kumwita Sajenti Abdulwahab alete gari.

Barabara ya Kondoa ilikuwa nyeupe kwa jua. Abdulwahab, mzaliwa wa Kondoa mwenye mdomo usiopumzika, aliendesha huku amenuna.

"Afande, naomba kuuliza. Mrangi kama huyo Halfani akienda mnadani siku hizi ni kosa?"

"Mrangi akienda mnadani siku ambayo namtafuta ni kosa."

"Sawa. Lakini mimi huko minadani nimezunguka mpaka mbuzi wananijua. Si ile kesi ya ng'ombe walioibwa Chamwino? Wenyewe wametupa alama: sikio la kushoto, michano miwili. Nimekagua Chemba, nimekagua Haneti, nimekagua mpaka machinjioni. Ng'ombe wa michano miwili hayupo. Kama wamepaa."

"Watakuwa wameliwa."

"Hata aliyeliwa anaacha ngozi na kichwa. Nimefunua vichwa, afande. Mpaka sasa siwezi kula supu."

Raheli alicheka kwa pua, bila furaha. Aliyajua masikio ya ng'ombe kabla hajaijua abjadi. Kwao mfugo uliokatwa sikio ulikuwa na baba, yaani ukoo unaojulikana. Mzee Ndahani aliwakata ndama wake kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kisu kimoja tu, kisu kizito cha mhunzi ambacho hakikuruhusiwa kumenya hata kiazi. Kilikuwa na kutu ya miaka na hakikusuguliwa, kwa kuwa mzee alisema kukisugua ni kuifuta kazi ya babu. Na alama ya ukoo mwingine hakuwahi kuikata hata alipoombwa na jirani aliyevunjika mkono. Aliamini atakayekata alama isiyo yake, au akakata yake kwa kisu cha kuokota, mifugo itamfia zizini. Watoto walimcheka wakiwa mbali naye. Wakiwa karibu walishika ndama miguu na kunyamaza.

"Wewe mwenyewe unaamini, afande?" Abdulwahab aliuliza, maana Raheli alikuwa amemsimulia hayo kwa sauti bila kukusudia.

"Mimi ni polisi. Endesha."

Mnada wa Chemba ulikuwa umechangamka. Vumbi, mbinja, nyama juu ya makaa, vitenge vimetandazwa chini hadi karibu na kwato. Walimkuta Halfani upande wa mbuzi, ameshika beberu pembe na kumchungulia meno. Alipoona sare ya Abdulwahab alimwachia beberu, na beberu hakusubiri kuambiwa mara mbili.

Walimpeleka nyuma ya lori lililoegeshwa karibu na zizi la ng'ombe. Raheli hakumpa nafasi ya kuketi.

"Unafanya nini hapa?"

"Nanunua mbuzi, mama. Binti yangu Kuluthumu anaolewa Jumapili. Muulize yeyote Kondoa."

"Kila mnada binti yako anaolewa?"

"Kila mnada napita. Kaka yangu anauza mbuzi hapa, nami namletea chumvi ya mifugo. Hilo nalo ni jinai?"

"Jinai ni gundi. Maabara inakupa boksi, wewe unalifikisha hospitali. Njiani gundi inapungua nusu na maji yanaongezeka nusu. Nieleze hayo maji yanaingiaje."

Halfani alijipangusa jasho. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na uoga wake ulikuwa umeanza kugeuka kuwa uchungu.

"Boksi lina kufuli, mama. Ufunguo mmoja uko maabara kwa Lydia, mwingine uko hospitali kwa anayepokea. Mimi sijawahi hata kuyaona hayo mabomba yakoje. Nafika, nalikabidhi likiwa limefungwa, naondoka. Na anayepokea unamjua kuliko mimi. Si mdogo wako?"

Abdulwahab alitazama viatu vyake.

"Sikukuuliza ndugu zangu," Raheli alisema.

"Umeniuliza gundi inapitia wapi. Nakwambia inapitia kwangu ikiwa imefungwa na kwake ikiwa wazi."

"Funga mdomo."

"Uliniambia nifungue, mama."

Mkono wa Raheli ulipanda. Haukumgusa Halfani. Ulitua kwenye mti wa zizi, kwa kishindo, na mtamba mmoja mwekundu aliyefungwa karibu hapo alishtuka akarusha kichwa. Raheli alisimama pale akihema, akiwa na aibu ya kuonekana, na kwa kuwa hakutaka kumtazama Halfani wala Sajenti wake alimtazama mtamba.

Mtamba alikuwa akipiga masikio kufukuza nzi. Sikio la kushoto lilipopinduka kwenye jua, Raheli aliona mistari miwili.

Aliingia zizini.

"Wee mama," sauti ya mwanamke ilimfuata, "huyo ng'ombe hajakosea kitu. Kama una ugomvi na mume wako, maliza naye hukohuko."

Huyo alikuwa Rukia, mchuuzi wa ng'ombe, mwenye ushungi wa kijani na fimbo ndefu kumshinda mwenyewe. Alipoona Abdulwahab anaingia zizini pia, alishusha fimbo lakini hakushusha sauti.

"Nina vibali vyote. Msije mkanianza."

Raheli alikuwa ameshika sikio. Lilikuwa zima, bila mwanya wowote. Lakini kutoka ukingoni kuingia ndani ilipita mishono miwili myembamba, imeungana sawasawa, haina tundu hata moja la sindano. Mishono isiyo na uzi. Manyoya yalikuwa yameanza kuifunika. Na katikati ya kila mshono, pale nyama ilipokutana na nyama, kulikuwa na mstari wa rangi: zambarau iliyoiva, karibu nyeusi.

Alitemea mate kidole gumba, akasugua. Akamwomba Rukia maji, akasugua tena kwa leso. Leso ilitoka na vumbi jekundu. Mstari ulibaki pale pale.

"Sajenti," alisema taratibu, "ile michano yako miwili ya Chamwino. Hii hapa. Imefungwa."

Abdulwahab aliinama, akatazama, akatamka kitu kwa Kirangi ambacho hakihitaji kutafsiriwa.

"Wanakwangua kingo za mchano mpaka zitoke damu, wanazibana kwa gundi," Raheli aliendelea. Alikuwa akiongea na sikio zaidi kuliko na mtu. "Gundi ya dukani isingefaa. Inakauka ngumu, ng'ombe akipiga nzi mara mbili inabanduka. Hii inapinda na sikio. Halafu inaliwa na mwili. Ungekuja mnada ujao, Sajenti, ungeona ng'ombe ambaye hakuwahi kuchanwa tangu azaliwe. Lea amekufa ili watu wafute masikio ya ng'ombe."

Aliikunja leso mara nne, akaitia mfukoni.

"Lakini wakakosea," alisema Abdulwahab. "Rangi. Walitumia chuma chenye kutu."

"Walitumia chuma chenye kutu," Raheli alirudia, na kitu fulani ndani yake kikasimama kusikiliza. "Mtu mwenye gundi ya hospitali ana visu vya hospitali. Vinang'aa, vinakata kuliko wembe. Kwa nini akachukue kikuukuu?"

Rukia ndiye aliyezungumza, kwa uchungu wa mtu anayeona mali yake inaondoka.

"Mimi nimenunua kihalali kwa dalali. Mwenye ng'ombe simjui. Dalali aliniambia ni wa ukoo mmoja wa Wagogo, watu safi, nisiwe na wasiwasi. Akanionyesha alama yao, hiyo hapo sikio la kulia, bado mbichi. Alisema hata kwao yupo ofisa wa polisi."

Raheli alikuwa bado ameshika sikio la kushoto. Alichelewa kuliachia. Kisha alizunguka kichwa cha mtamba kwa hatua za mtu anayekwenda kutambua maiti, akashika sikio la kulia na kulilaza kwenye kiganja.

Ncha ilikuwa imekatwa mshazari. Chini yake, upande wa ndani, pengo dogo la mviringo lenye upana wa kwato ya mbuzi mchanga. Mkato mmoja, haukurudiwa. Baba yake alikuwa akisema anayerudia mkato hajui ng'ombe.

Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote hiyo ni alama ya nani. Alikuwa ameshika miguu ya ndama wakikatwa alama hiyo, mwaka hadi mwaka, damu ikimtonea kwenye gauni la shule.

Na sasa jibu la kile kisu kikuukuu lilikuja lenyewe, wala halikuwa gumu. Mwizi mwingine yeyote angekata alama yoyote kwa wembe wowote. Huyu alikuwa amefundishwa kwamba alama ni moja na kisu ni kimoja. Alikuwa radhi kuiba ng'ombe wa watu, alikuwa radhi kumwibia mgonjwa dawa iliyoshika uhai wake, lakini hakuwa radhi kukata alama ya ukoo kwa kisu kisichokuwa cha baba. Aliogopa mifugo ya wizi imfie zizini. Alikwangua kingo za michano kwa kisu kile kile, akapaka gundi, na kutu ya babu ikaandika kila kitu.

Kisu kilirithiwa na mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume alikuwa mmoja.

"Afande?" Abdulwahab aliita.

"Nenda garini. Piga simu kituoni, watume watu wawili Mawe Mawili, chumba cha upasuaji. Waingie kimya. Wamkamate muuguzi anayepokea boksi." Alimwachia mtamba sikio. "Jina unalo."

Sajenti alivua kofia, akaivaa tena. Aliondoka mbio.

Ofisa mifugo wa mnada aliitwa, akakata kipande chembamba cha mshono kutoka kila sikio na kukitia kwenye kichupa, mbele ya Rukia na mbele ya Halfani, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Ng'ombe wengine wanne wa zizi lile walikuwa na mishono hiyohiyo. Rukia aliketi juu ya jiwe akaweka fimbo miguuni.

"Mnanichukulia wote?"

"Tunachukua wote. Dalali utatuonyesha."

"Nitawaonyesha mpaka kwao," Rukia alisema. "Watu safi."

Neno hilo lilimpata Raheli kama teke la punda. Alimgeukia Halfani.

"Wewe nenda kanunue mbuzi."

"Huniombi radhi, mama?"

Raheli alimtazama. "Nakuomba radhi," alisema, na ilimchoma kulisema, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Abdulwahab alikuwa amerudi, bado anahema, aliposikia simu ya Raheli ikilia. Raheli aliiwasha sauti ya nje na kuiweka juu ya mti wa zizi, kati yao wawili.

"Dada, umempata?" Sila aliuliza.

"Nimempata."

"Amekiri?"

"Bado. Uko kazini?"

"Niko thieta, tunaandaa vyombo. Nilikwambia dada, yule mtu simwamini."

"Uliniambia." Raheli aliukazia macho mwamba mmoja ng'ambo ya mnada. Watu wa kituo walihitaji muda, na muda huo alipaswa kuujaza yeye. "Sila, kisu cha baba kiko wapi?"

Upande wa pili, chombo cha chuma kiliwekwa juu ya sinia.

"Kisu kipi?"

"Baba alikuwa na visu vingapi vya masikio?"

"Kipo nyumbani. Kwani vipi?"

"Nimesimama mbele ya mtamba mwekundu. Ncha mshazari, pengo la mviringo chini. Mkato mmoja, haujarudiwa. Una mkono wa baba, sikujua."

Mtamba alipiga masikio, nzi wakaruka wakatua tena.

"Dada," Sila alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ile ya mtoto aliyevunja chungu, "nilichukua nusu tu. Sikuchukua yote. Niliijaribu kwanza, wallahi tena, niliichanganya na maji nikawapaka ng'ombe, ikashika. Hata ikiwa nusu ilishika. Ningejua ingeachia kwenye ini..."

"Lea hakuwa sikio la ng'ombe, Sila."

"Sikutaka afe mtu."

"Na Lydia? Yule uliyekuwa tayari aozee gerezani, yeye ulimtaka nini? Na huyu Halfani uliyenituma nimfunge wiki ya harusi ya bintiye?"

"Dada, nisikilize. Bado hakuna anayejua. Hiyo gundi inaisha yenyewe, wiki mbili hizi haitakuwepo. Wewe unachotakiwa ni kuchelewa kidogo tu. Mimi ni mtoto wa mama yako. Ulinibeba mgongoni."

"Nilikubeba," Raheli alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa yalikuwa ya hasira na hakuyaonea haya. "Ulikuwa ukilia nakubeba. Ukivunja kitu nasema nimevunja mimi. Leo wewe umevunja mtu."

Alisikia mlango ukifunguliwa kule thieta. Alisikia viatu. Sauti ya kiume, yenye adabu ya kazi, ikauliza: "Muuguzi Sila Ndahani? Polisi."

"Dada," Sila alisema mara moja, kwa sauti ndogo, na simu ikakatika.

Mnada uliendelea. Mtu mmoja alikuwa akicheka kwenye nyama choma, beberu wa Halfani alikuwa amekamatwa tena, vumbi lilisogea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Raheli alichukua simu juu ya mti akaipangusa kwenye suruali yake.

"Lydia atoke leo," alisema. "Asilale pale tena. Mwambie mkuu nimesema mimi, na kama ana swali aniulize nikiwa nimesimama mbele yake."

"Ndiyo, afande."

"Na kesi hii si yangu tena kuanzia sasa, ni yako. Mimi ni shahidi. Chukua maelezo yangu hapahapa, kabla sijafika nyumbani kwa mama."

Abdulwahab alifungua mkoba wa karatasi juu ya boneti ya gari. Bati lilikuwa la moto, akashusha mkono wa shati ndipo akaweka kiwiko. Aliandika tarehe, akaandika mahali, akaandika jina la shahidi na kazi yake. Raheli alimweleza michano miwili, rangi, kutu, kisu, na namna alivyoitambua alama. Alieleza bila kukwama, kama anavyotaka mashahidi wake waeleze. Kalamu ilifika mahali ikasimama.

"Afande," Abdulwahab alisema bila kuinua macho, "hapa wanauliza uhusiano wa shahidi na mtuhumiwa. Naweza kupaacha kwanza."

"Usiache kitu."

"Niandikeje?"

Raheli alilitazama sikio la mtamba kwa mara ya mwisho, ule mkato mmoja safi uliofanana na wa baba yake.

"Andika: dada. Tumbo moja."